Chuma kikichomoka mkononi, usikimbilie kulaumu mkono

Kuna dogo mmoja tunapiga naye tizi huku Nkuhungu, Dodoma, anaendesha bajaji, anafika jimu saa moja usiku akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kwa kama miezi mitatu alikwama kwenye kilo 110 za dedilifti, yaani kuvuta chuma kutoka sakafuni mpaka usimame nacho wima. Mgongo haukugoma wala miguu haikugoma, chuma kinatoka chini vizuri kabisa, kinafika magotini, halafu unaona vidole vinaanza kufunguka kimoja kimoja, cha mwisho kwanza, cha pete kinafuata, halafu puu, chini, na mwenye jimu anakuja mbio kuangalia kama sakafu imepasuka. Kila mtu akawa daktari. Huyu anasema vaa glavu, yule nunua strapu (vile vitambaa vya kufunga mkono kwenye chuma), mwingine geuza kiganja kimoja, na kocha wetu (tunamwita kocha ila kazi yake ya mchana ni kuchomelea mageti) akamaliza kwa kusema mkono wako laini dogo, acha chipsi, kula ugali wa uwele.

Hakuna hata mmoja aliyeangalia bomba, yaani chuma chenyewe tunachoshika. Mimi mwenyewe nikiwemo.

Ndo nikaona niliandike hili kwa kirefu, maana watu wanaongelea "nguvu ya mkono" kama kitu kimoja, unayo au huna basi. Wakati chuma kinaweza kukutoka kwa sababu tatu ambazo hata hazina undugu. Inawezekana vidole vimechoka kweli haviwezi tena kubaki vimefumbwa. Inawezekana ngozi na chuma havishikani, vinateleza. Au inawezekana chuma kinajiviringisha ndani ya kiganja, yaani kinajifungulia mlango chenyewe kwa kuzunguka kuelekea ncha za vidole. Aliyechoka vidole anahitaji mazoezi, anayeteleza anahitaji chaki, na ambaye chuma kinamzungukia anahitaji kubadilisha anavyoshika au kubadilisha chuma chenyewe. Sasa mtu chuma kinamzungukia mkononi we unampa ugali wa uwele, utamsaidia nini?

Tuanze na mkono ulivyo. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvifumba, misuli yenyewe imekaa kwenye kigasha, hapa kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, inavuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo mpaka mbele huko kwenye vidole. Shika kigasha chako saa hizi kwa mkono wa pili afu fumba ngumi, utasikia vitu vinacheza humo ndani. Ndo maana ukipiga seti nzito kinachowaka moto ni kigasha, na ndo maana ukikunja kifundo sana kwa ndani ngumi haifumbiki vizuri, jaribu uone. Kwahiyo kwenye dedilifti kifundo kikae kimenyooka na mkono wote uning'inie kama kamba, kazi yake ni kushikilia tu. Ukianza kukunja kiwiko ili "usaidie" kuvuta unajitafutia matatizo, nitayafikia.

Sasa bomba. Tulikuja kugundua kwa bahati, umeme umekatika tumekaa nje tunasubiri, kocha ana futi kiunoni kama kawaida yake, nikamwambia hebu tupime hiki tunachoshika kila siku. Akacheka, hili ni bomba la inchi moja na nusu nimelichomelea mwenyewe, unapima nini? Tukapima kwa nje tukapata milimita 48. Watu wengi hawajui, jina la bomba la maji linaenda karibu na tundu la ndani, sio unene wa nje, inchi moja na nusu ingekuwa milimita 38 lakini kinachoingia mkononi mwako ni 48. Bari, yaani chuma halisi cha kunyanyulia, ya mashindano ya kunyanyua vitu vizito ya wanaume ina unene wa milimita 28, ya wanawake 25, na zile za powalifti (mchezo mwingine wa kunyanyua, dedilifti imo) zinafika kama 29. Ukipiga hesabu ya mzunguko, bari ya 28 ni kama sentimita 8.8 kuizunguka, bomba letu ni sentimita 15 na kidogo. Hizo sentimita sita za ziada dogo angezitoa wapi? Kwenye bari nyembamba kidole gumba kinalala juu ya vidole vingine na kuvifunga kama komeo, kwenye bomba letu gumba halifikii chochote, unabaki na vidole vinne vilivyojikunja nusu na uzito wote unavisukuma vifunguke.

Huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mzee anaitwa Thomas Inch, alikuwa na dambeli ya kilo 78 tu, lakini mpini wake una unene wa kama milimita 60, na mpaka leo watu wenye nguvu za kutisha wanashindwa kuinyanyua kwa mkono mmoja. Kilo 78! Uzito wa mtu mmoja wa kawaida. Unene ndo unaowaua, pamoja na kwamba mpini na vichwa vyake ni kitu kimoja kwahiyo ikianza kuzunguka inazunguka yote.

Na hilo la kuzunguka ni jambo jingine kwenye bomba letu. Bari halisi ina mikono ya pembeni, pale sahani za uzito zinapokaa, ambayo inazunguka yenyewe bila kuzungusha sehemu unayoshika. Sisi sahani zetu ni za zege zinabana moja kwa moja kwenye bomba, zikiyumba kidogo tu bomba zima linajipinda ndani ya kiganja. Halafu limepakwa rangi ya mafuta ya silva, linang'aa kama kijiko. Bari halisi ina yale makwaruzo kama meno ya tupa, yanang'ata ngozi. Letu linabusu.

Hapo hapo mzaha ukazidi, maana tukalibeba bomba tupu hadi kwa jirani anayeuza mahindi, tukaliweka kwenye mizani yake, kilo 8. Sisi miaka yote tunalihesabu 20 kwasababu kuna mtu aliona kwenye video bari ni kilo 20. Kwahiyo zile 110 za dogo zilikuwa 98. Hakufurahi.

Kocha akatafuta shafti, chuma kilichojaa, milimita 30, kutoka kwa wauza vyuma chakavu, akasugua katikati kwa msasa na kukikwaruza kwa grainda mistari mistari, sio kizuri kwa macho ila kinashikika. Urefu mita 2.2, ukipima kina kilo 12 na kitu. Ukikosa shafti, bomba la inchi moja nje linakuja kama milimita 33 au 34, bado linafaa, ila ukuta wake uwe mnene, na usilitegemee kwenye uzito mkubwa sana.

Tukija kwenye ngozi, hapa Dodoma tuna shida yetu ya pekee. Kuanzia Juni mpaka Agosti ule upepo ukianza, mtu usipojipaka mafuta unapauka kama umetoka kiwanda cha unga, kwahiyo wote tunajipaka, asubuhi na jioni, halafu mtu anatoka nyumbani viganja vinang'aa anaenda kushika chuma na kushangaa kinateleza. Paka miguu, paka uso, viganja paka ukishamaliza tizi, na kabla ya kuanza nawa kwa sabuni ukauke kabisa. Vumbi nalo usilidharau, lile jekundu laini likikaa kati ya kiganja na chuma linateleza kama poda.

Chaki inayoongelewa kwenye jimu ni magnesiamu kaboneti, unga mweupe unaokunywa unyevu na kuacha kiganja kikavu. Ile ya ubaoni ni jasi au chokaa, kitu tofauti, ukiisaga itakukausha jasho kidogo lakini haikupi mshiko ule. Kama jimu yenu haina chaki ya kweli, taulo safi na sabuni vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Glavu ndo kabisa sizielewi kwa dedilifti, zinaongeza unene wa chuma (tumetoka tu kuongelea unene) na kuweka tabaka jingine la kuteleza kati yako na chuma. Kama unazivaa ili usiote sugu sawa, ni mikono yako, ila usiseme zinakusaidia kubeba.

Na hizo sugu zinazochanika mara nyingi zinatokana na kuweka chuma pabaya. Mtu anakishindilia katikati ya kiganja kabisa, anaona ndo ameshika vizuri, sasa uzito ukija chuma kinateremka chenyewe hadi kwenye mashina ya vidole na kinaburuza ngozi yote kama zulia. Kiweke palepale kitakapoishia, kwenye ule mstari ambapo vidole vinaanza. Utahisi kama umeshika kidogo mno, lakini chuma hakitakuwa na mahali pengine pa kwenda. Sugu zikiwa nene zisugue na jiwe la kusugulia miguu wakati wa kuoga, maana kwenye ukavu wa hapa zinakuwa ngumu kama ganda na zikichanika wiki nzima hushiki kitu.

Mishiko yenyewe sasa. Wa kawaida ni viganja vyote viwili kukutazama wewe, huu ndo wa kuanzia na ndo unaojenga kigasha, baki nao kwenye seti zote za kupasha mpaka pale mshiko unapokataa. Mshiko ukikataa watu wengi wanageuza kiganja kimoja kiangalie mbele. Kwanini inasaidia? Chuma kikijaribu kuzunguka kitoke mkono wa kulia, mzunguko huohuo unakiingiza ndani zaidi ya mkono wa kushoto, kwahiyo mikono inazuiliana. Ni ujanja mzuri sana na una bei yake. Mkono uliogeuzwa, msuli wa mbele wa juu ya kiwiko unakuwa umevutika kwa namna ambayo ukikunja kiwiko hata kidogo uzito unauangukia wote, na kuna watu wamekatika msuli huo kwenye dedilifti, upande huohuo wa mkono uliogeuzwa. Mimi haukukatika ila nilionjeshwa, nilikuwa nageuza kulia tu miaka yote, siku moja nikaushtukiza mzigo kwa kiwiko kilichokunjika nikasikia kitu kama kamba ya kiatu inavutwa ndani ya mkono, wiki sita hata kufungua chupa ya soda naomba msaada. Ukitumia mshiko huu nyoosha viwiko vyote kabla chuma hakijatoka chini, na badilisha badilisha mkono unaogeuza ili mwili usizoee kujipinda upande mmoja.

Wa tatu ni mshiko wa ndoano. Gumba linalala kwenye chuma kwanza, halafu kidole cha shahada na cha kati vinalifunika na kulikaba. Chuma kikitaka kufungua vidole kinazidi kuvikaza juu ya gumba, ni kama fundo linalokaza ukilivuta. Wanyanyua vitu vizito wa mashindano ndo wanashika hivi. Lasha Talakhadze wa Georgia aliponyakua kilo 225 kutoka chini hadi juu ya kichwa mwaka 2021 kule Tashkent hakuwa amefunga strapu, zimekatazwa kwenye mashindano. Ubaya wake unauma, nisikufiche, wiki mbili tatu za mwanzo gumba linawaka kama umelibana na mlango. Anza na uzito mdogo, liache lizoee. Wenye vidole vifupi sana kwao ni shida kweli.

Dogo tulimwekea shafti mpya, akanawa mikono, akashika kawaida tu bila ndoano bila kugeuza, na wiki ya tatu akavuta 125. Za kweli safari hii, sahani zote tulipitisha kwa jirani wa mahindi.

Halafu ndo tukaona kilichokuwa kimejificha. Kwenye zile 125 mgongo wake ulipinda kama paka aliyeona mbwa. Zamani hatukuuona kwasababu mkono ulikuwa unaachia kabla mgongo haujafikia mwisho wake, mkono ulikuwa fyuzi. Na fyuzi ikikatika nyumbani kuna mtu anaweka waya, taa zinawaka, kila mtu anafurahi, mpaka siku ukuta unanuka moshi. Ndo kitu ambacho strapu zinafanya kwa mtu ambaye hajajifunza kunyanyua. Anaona amepanda kilo 20 kwa siku moja, hajiulizi mwili wake ulikuwa tayari kwa hizo 20 au mkono tu ndo ulikuwa unamlinda.

Kwahiyo tukarudi chini, kwenye kusimama. Chuma kikae juu ya katikati ya mguu, sio kwenye vidole, ukichungulia kiwe kinakata kamba za viatu. Miguu upana wa nyonga, mikono nje kidogo tu ya miguu, maana ukiipanua sana inabidi uiname zaidi kukifikia. Ukishashika sogeza ugoko ukiguse chuma bila kukisukuma, inua kifua, kaza makwapa kama vile kuna mtu anataka kukutekenya na hutaki, vuta pumzi hadi tumboni ukaze tumbo kama unasubiri ngumi. Usikinyakue kwa kushtukiza. Vuta kidogo kwanza mpaka usikie mikono imekazika yote, hapo ndo unasukuma sakafu kwa miguu, chuma kikipanda kimekugusa gusa njia nzima. Wenye presha, hilo la kubana pumzi ongeeni na daktari kwanza, linapandisha presha kwa ghafla.

Kwanini chuma kikae karibu? Chukua kilo 100 zilizosogea mbele sentimita 10 tu kutoka zilipotakiwa kuwa. Mzigo wa ziada unaoenda kwenye kiuno ni sawa na kushika ndoo ya maji ya lita 20 nusu mita mbele yako, mikono imenyooka. Juu ya zile kilo 100 zenyewe. Kiuno hakijui kwamba we umeandika 100 kwenye daftari, kinajua na ile ndoo. Ukitaka kuona watu wanaoelewa hili bila kufundishwa nenda soko la mahindi Kibaigwa uwaangalie vijana wa kubeba, gunia la lumbesa (lililojazwa kupita kipimo) linakuja kifuani au begani limegandana na mtu, hamna anayelibeba mbali na mwili. Kinachonisikitisha ni kwamba mwili hata ukibeba vizuri una mwisho, na lumbesa hata sheria hairuhusu.

Kitu kimoja cha jimu za mtaani ambacho hakipo kwenye video: sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwahiyo bari inakaa sentimita 22 na nusu kutoka chini. Sahani zetu za zege zilizomwagwa kwenye ndoo ya rangi zina kama 30, chuma kinakaa sentimita 15. Mtu mrefu hapo lazima mgongo upinde, hata akijua kila kitu. Weka mbao chini ya sahani pande zote mbili, za inchi mbili zinakuinulia sentimita tano, tatizo limeisha kwa bei ya soda. Dogo ni mrefu, nusu ya ule mgongo wa paka ilikuwa hiyo tu.

Strapu sizichukii, nisieleweke vibaya. Eddie Hall alipovuta kilo 500 pale Leeds mwaka 2016 alikuwa amefunga, kwenye mashindano yao ya watu wenye nguvu zinaruhusiwa. Kwenye powalifti haziruhusiwi, ukipanga kushindana huko zoea mikono yako. Mi nazifunga kwenye seti za mwisho mwisho, nikitaka kuchosha mgongo na kigasha kimeshaisha.

Kama kweli vidole ndo dhaifu, na ukishatoa bomba nene, mafuta na kuzunguka utajua, dawa ni kushikilia vitu vizito kwa muda. Maliza dedilifti ya mwisho kwa kusimama nayo sekunde kumi. Ning'inia kwenye chuma cha juu. Au chukua madumu mawili ya lita 20, jaza maji, tembea. Mtaani kwetu maji yakikatika kuna mama mmoja anatoka nayo kisimani, moja kila mkono, anapita mbele ya jimu anatusalimia bila kusimama, anakunja kona ya muuza mkaa hajayaweka chini hata mara moja. Dogo alijaribu Jumapili iliyopita, shikamoo mama naomba nikusaidie. Aliyaweka chini mara mbili kabla ya mkaa, na mama alikuwa anamsubiri.